Pini za Olwen

Asubuhi ile Olwen alikuwa na furaha ya kuudhi. Tangu treni ya wafanyakazi wa kiwanda cha mabomu iondoke bondeni kwetu alikuwa akiimba tu, na mimi sikuwa nimelala, maana ndege za Wajerumani zilipita juu yetu usiku kucha kwenda kuupiga mji wa bandari wa Swansea. Nikamwambia anyamaze.

"Wivu huo, Nesta," akasema. "Wangu anakuja leo. Wako yuko vitani jangwani na ngamia."

"Bora ngamia. Hawaimbi."

Emrys, mchumba wake, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alipewa likizo ya siku mbili tu, na treni yake ilitazamiwa alasiri, muda mfupi baada ya zamu yetu kuisha. Waliagana Olwen akiwa bado anauza vitambaa dukani, nywele nyeusi tii. Sasa baruti ilikuwa imezigeuza rangi ya karoti kwa mbele, na ngozi zetu sote zilikuwa za manjano hata tusugue vipi. Hilo lilimkosesha raha kuliko mabomu.

Kiwandani huingii hivi hivi. Katika chumba cha kubadilishia nguo kuna ubao mwekundu umelazwa sakafuni. Huku kwaitwa upande mchafu, kule upande safi. Unaketi juu ya ubao, unavua viatu vya nje, unageuza miguu hewani, unavaa viatu vya kiwandani visivyo na hata msumari mmoja. Chuma hutoa cheche, kwa hiyo hakivuki ubao. Msichana wa bonde la pili alikuwa kifungoni wakati huo kwa njiti moja ya kiberiti, na hakuna aliyemwonea huruma. Mpekuzi wa siku hiyo alikuwa mama anayeimba kwaya pamoja na Olwen. Alimpapasa kilemba juu juu, akamtakia heri na Emrys wake, akampitisha.

Banda letu lilikuwa la fataki, vile vikopo vidogo vya shaba ambavyo vikishtuka, bomu zima hushtuka. Unavijaza kwa kijiko, kimoja kimoja, unavipanga kwenye trei. Hukimbii, hupigi kelele, husukumi kiti. Bi Pugh, mnyapara wetu, mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu, kwa hiyo hakuhitaji kutuhubiria.

Karibu na wakati wa chakula nikaona kitu kinang'aa chini ya kilemba cha Olwen, aliyeketi ubavuni pangu, juu ya sikio. Pini ya nywele. Imechomoza nusu, na yeye ameinamia trei iliyojaa.

"Olwen," nikanong'ona. "Usiinamishe kichwa. Usikiinue pia."

"Kuna nini?"

"Una pini, mpumbavu we!"

"Nilizikunja nywele jana. Nilitaka mawimbi yakae mpaka Emrys afike."

Nilimchukia, nasema kweli. Banda zima, wanawake wenye watoto, kwa ajili ya mawimbi! Lakini mkono wangu ulikuwa umeshakwenda. Nikaishika ile pini kwa ncha za vidole, nikaivuta, ikakwama, nikaivuta tena, ikatoka. Sasa niiweke wapi? Ovaroli zetu hazina mifuko. Nikaitia mdomoni.

Bi Pugh akaja taratibu, mikono nyuma.

"Nesta, mbona kimya?"

Nikatikisa kichwa.

"Wewe hunyamazi hata mchungaji akiomba. Fungua mdomo, mama."

Nikaitema kwenye kiganja chake.

"Ya nani hii?"

"Yangu."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Mimi hakuna aliyekuwa akija kunitafuta stesheni. Nikamkazia Olwen macho anyamaze, aende zake kwa mtu wake, tutagombana baadaye. Yeye alikuwa hanitazami. Alikuwa akijipapasa kilemba, pole pole, sehemu moja ile ile.

"Bi Pugh," akasema, "ni yangu. Na zilikuwa mbili hapa. Nyingine siisikii."

Angeweza kukaa kimya. Jioni ile angekuwa mikononi mwa Emrys.

"Wekeni vijiko," Bi Pugh akasema, sauti yake ya kila siku. "Inukeni. Tokeni mmoja mmoja."

Tukatoka, tukasimama kwenye majani mvua ikitunyeshea, na Bi Pugh akabaki ndani na brashi laini. Kila mlio wa ndege wa mtini ulitushtua. Olwen aliukamata mkono wangu, nami nikautoa, kisha nikaurudisha. Sikujua nimfanye nini.

Bi Pugh alipotoka, uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Ilikuwa kwenye trei yako, Nesta. Katikati ya fataki."

Ni mimi niliyeiangusha, nilipokuwa naivuta ile ya kwanza. Kama Olwen angenyamaza, trei ile ingenyanyuliwa baada ya chakula na kubebwa mikononi mpaka banda la pili. Nikakaa pale pale kwenye tope.

Polisi wakaja, na zamu ilipokuwa ikiisha wakamchukua Olwen. Mimi nikasimamishwa kazi, nikafukuzwa langoni. Alipokuwa anapandishwa garini akaniambia neno moja tu: "Emrys."

Nikaenda stesheni mbio. Treni ilikuwa imeshafika. Emrys alisimama na mfuko wake begani, akiwachungulia wanawake wa zamu yetu walivyokuwa wakija. Aliponiona niko peke yangu, nina tope mpaka kiunoni, mfuko ukamdondoka.

"Amekufa," akasema.

"Hapana! Kafungwa. Kakamatwa na pini."

Akacheka. Akalia, akacheka tena, watu wakimtazama. Kisha akaniuliza kituo cha polisi kiko wapi, na kabla sijamaliza kumwonyesha alikuwa anakimbia, mfuko kauacha pale chini.