Ringi za Landrova ya Mama Hilaria

Mama Hilaria alipoifikisha Landrova ya marehemu mumewe gereji ya Kawajense, ikivutwa kwa kamba tangu Usevya, alisema mbele ya mafundi wote: "Injini hii aiguse Selestini tu. Sitaki mtu ajifunzie kwangu."

Nashon, aliyekwisha kusimama kumpokea, akaketi tena. Alikuwa fundi wa miaka kumi na miwili, na ufundi wote aliupata kwa Selestini huyohuyo.

Mzee Selestini alifanya kazi siku tatu. Alisafisha silinda, akapima, akazivisha pistoni zote nne ringi mpya, akipapasa kwa ukucha kialama kidogo kinachotakiwa kutazama juu. Miwani yake ilishikizwa kwa uzi. Kisha akanawa, akaenda kwa mama lishe kula ugali na dagaa.

Nashon akabaki na pistoni mezani. Akatoa ringi ya pili ya kila pistoni, akaigeuza juu chini, akairudisha. Selestini aliporudi alizishindilia pistoni kwenye silinda huku akipiga mluzi.

Wiki mbili baadaye Landrova ilirudi ikifuka moshi wa bluu, imekunywa oili yote. Injini ikafunguliwa. Nashon akachomoa pistoni moja, akampa mzee.

"Baba, alama inatazama wapi?"

Selestini akapapasa. Akaomba ya pili, ya tatu, ya nne.

"Chini," akasema.

"Zote?"

"Zote."

"Kama huoni si ungesema tu?" Mama Hilaria akamwuliza. "Mume wangu alikuamini mpaka anakufa."

Kesho yake mzee alimletea Nashon sanduku lake la spana.

"Asante umeniumbua mapema, mwanangu. Siku moja ningefunga breki vibaya, nikaua watu."

"Usijali, baba," Nashon akajibu. Alipolibeba sanduku aliliona zuri, zito, spana zote zimepangwa kwa saizi.

Tangu hapo Selestini hakuyaamini tena macho yake. Mchele alichaguliwa na mkewe, sindano alitungiwa uzi na jirani. Mchana mmoja Nashon alimkuta kando ya barabara kuu, kasimama na mfuko wa sukari.

"Nashon? Gari zimeisha, nivuke?"

Barabara ilikuwa tupu pande zote.

"Subiri kwanza, baba. Kuna lori."

Mzee akarudi nyuma hatua mbili. Nashon akavuka, akaenda zake.