Kichwa Kilicholala Kwenye Friza

Wifi mmoja alikuwa fundi wa kofia, wifi mwingine mke wa kaka yake fundi, na wote wanaishi nyumba moja. Amani ingetoka wapi? Kila wikiendi mke wa kaka alichoma tortila, ile mikate myembamba ya unga wa mahindi, akaigandisha iliwe wiki nzima. Na kila mara ilitoka kwenye friza imeshikana kitu kimoja, mpaka Fundi akambandika jina: Mama Tofali.

"Mama Tofali, leo tunakula au tunajenga?"

"Cheka tu. Kofia moja ya mama mkwe inakutoa jasho, mimi nimesema?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Mama wa mchumba wake Fundi alikuwa hajaikubali posa. Aliagiza kofia, akatamka mbele ya watu kwamba anayeshindwa na kichwa cha mama hataiweza nyumba ya mwana. Na kichwa chenyewe kilikuwa na ukaidi wake: kimechomoza nyuma, kimebonyea kushoto. Fundi alikata karatasi ya kipimo cha utosi, mama akaikataa. Akakata nyingine, akaikataa. Hadi ikapatikana moja yenye kipengo kisogoni, na mama akanyamaza. Kwake yeye, kunyamaza ni sifa. Akaahidi kurudi kushuhudia kitambaa kikikatwa.

Sasa amerudi, ameketi, mkoba mapajani, na karatasi hazionekani. Fundi alipekua chini ya cherehani, nyuma ya majora, hata ndani ya pasi iliyopoa. Akakimbilia jikoni.

"Wifi, umeona karatasi zangu za duara?"

"Zile ulizonikatia?"

"Nikukatie wewe, za nini?"

"Za kutenganishia tortila! Nilizikuta mezani, nikasema leo wifi kanihurumia." Akafungua friza kwa madaha. "Tazama, hakuna iliyomshika mwenzake. Tofali liko wapi?"

Fundi alinyakua mfuko. Karatasi zilikuwa zimelowa, zimeganda, na alipozigusa zikachanika vipande vipande.

"Ulizipanga zikiwa moto?"

"Vuguvugu tu."

"Huachwa zipoe kwanza, jamani! Mvuke wote umenywewa na karatasi. Umeniua, Wifi. Nitamwambia nini yule?"

Wifi akashusha sauti. "Mimi nilijitahidi. Karatasi zako zilikuwa ndogo, kingo za tortila zinatokeza, nikaogopa zitashikana tu. Nikachukua mkasi, nikapunguza kila tortila sawasawa na karatasi yake. Hata ile yenye kapengo nilikata kapengo."

Fundi alimkodolea macho. Kisha akaanza kuchambua mfuko, akaivuta tortila moja, ngumu kama sahani, yenye kipengo.

Alitoka nayo mbio, akaitandaza juu ya karatasi mpya, akashika penseli.

"Fundi," mama aliita, "hicho ni nini?"

Uongo ulimjia mdomoni, mtamu, umeiva. Akaumeza.

"Ni kichwa chako, Mama. Kilikuwa kwenye friza."

Wifi, mlangoni, alifunika uso kwa kanga. Mama akanyoosha mkono, akaipokea tortila, akaigeuza huku na huku. Halafu, taratibu, akaivua leso yake na kuiweka ile tortila utosini. Akaruka kwa baridi.

"Uuwi!" Akaipapasa nyuma, akaipapasa kushoto. "Imekaa. Chora upesi kabla haijanilegea."

Fundi akachora, akakata karatasi, akakata kitambaa. Mama alimtazama mpaka mwisho bila neno.

"Na zile nyingine mfukoni?" akauliza.

"Ni vile vichwa ulivyovikataa, Mama."

"Nilikataa kuvivaa. Kula sikukataa." Akaweka mkoba chini, akajiegemeza kama mtu aliyefika kwake. "Nipashie moto, mkwe wangu. Na huyo Mama Tofali aje tule naye."