Jike Aliyejiziba Mkuyuni

Tangu dume wa hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, aache kuja, mlinzi wa msitu hakutulia. Jike alikuwa ndani ya shimo la mkuyu, amejiziba kwa udongo kama ilivyo kawaida yao, akaacha ufa mwembamba wa kupitishia mdomo. Humo alitaga na kuatamia, manyoya ya mbawa yakamnyonyoka, na riziki yake yote ikawa mikononi mwa mumewe. Sasa dume haonekani.

Nyumbani mlinzi alikaa, akasimama, akachungulia dirishani. Mume wa mlinzi, fundi seremala, aliweka randa chini.

"Mama watoto, umekalia miiba?"

"Yule ndege atakufa njaa mle ndani."

"Si avunje ukuta atoke?"

"Aende wapi, na mbawa hana? Na kifaranga amwachie nani?"

Fundi alikuna kichwa. Alimuundia mkewe ngazi ndefu, akaibeba begani mpaka msituni huku akinung'unika kwamba maisha yake yote hajawahi kumpelekea chakula mke wa mtu. Akaishikilia chini, mkewe akapanda na makuyu mabivu yaliyochomekwa kwenye kijiti. Jike akakichapa kijiti kwa mdomo, makuyu yakaanguka. Akajaribu tena, yakaanguka tena. Mlinzi akashuka roho mkononi.

Asubuhi alirudi bila hata kunywa chai. Safari hii mdomo ulitoka taratibu, ukachukua kuyu moja. Ndani kukasikika kilio chembamba. Kifaranga alikuwa hai.

Basi ikawa ndiyo kazi, kabla ya doria na baada yake. Mvua ikinyesha, anawaza ngazi itateleza. Jua likiwaka, anawaza nyoka. Hata akila, sikio liko msituni.

Siku moja alikuta ukuta umebomoka, shimo tupu, manyoya yametapakaa chini. Alizunguka mti akitafuta damu, asiione. Ndipo akasikia mvumo mzito wa mbawa. Jike alitua kwenye mti wa jirani, mbawa mpya zikimetameta, na nyuma yake kifaranga akaparamia tawi, nusura aanguke.

Mlinzi akampigia mumewe simu.

"Wametoka."

"Wote?"

"Wote wawili."

"Njoo basi upumzike."

"Nakuja," alisema, lakini hakwenda. Dume hakupotea bure; lazima kuna aliyemnasa. Mlinzi alishika njia ya mtoni, akipekua vichaka kimoja kimoja, akitafuta mitego.