Ludo Ilivyokula Chumba cha Shangazi

Taarifa hii imeandikwa kwa haki, bila woga wala upendeleo, na mtu asiyehusika kwa namna yoyote na mambo yanayosimuliwa humu. Imeandikwa kwenye meza ya kulia, kati ya kopo la sukari na suruali yenye mguu mmoja, kwa hiyo msomaji avumilie pale mwandiko unapotetemeka. Cherehani kikizunguka, meza nzima inatikisika.

Kila jioni baada ya chai, watu wanne wa nyumba hiyo walicheza ludo sebuleni. Bibi alikuwa na kete za njano, ambazo alizichagua kabla wengine hawajazaliwa. Mwanawe, mpima ardhi, alikuwa na za kijani. Dada wa mpima, ambaye hata wateja wake humwita Shangazi, alikuwa na za buluu. Yeye hushona sare za shule, na siku hizo alishonea chumbani kwake, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha kubwa kuliko yote. Nyekundu zilikuwa za mjukuu, kijana mrefu mwenye sura ya kuvutia na akili nyingi, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni.

Shangazi akipata nne alikwenda nne. Wengine walikuwa na kasi zao. Bibi akipata nne, kete yake ilikatiza ubaoni kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni, ikatua kwenye ya tano. Mpima, ambaye kazini hugombana na watu kutwa kwa ajili ya shubiri moja ya kiwanja, alipata tatu akaenda nne huku akiuliza kama mvua itanyesha.

"Mama, umeruka," alisema mpima jioni moja, kete yake ilipoliwa.

"Niruke kwa magoti haya?" Bibi akamjibu.

Aliyegundua kwanza ni mke wa mpima, ambaye hachezi kwa sababu anasema anao watoto wa kutosha humo ndani, na mmoja wao ana mvi. Alitoa chai jikoni akaifikisha sebuleni ikiwa ya moto kuliko kawaida. Kesho yake ikafika inachemka. Mpima akatoa futi yake ya kazini, akapima korido, akasema imepungua. Akapima tena baada ya mchezo, ikawa imepungua tena. Kila hatua iliyoongezwa ubaoni ilikuwa inakatwa kwenye korido, hatua nzima ya mtu mzima.

"Inaingia akilini," alisema, akiikunja futi. "Lazima itoke mahali."

Hakuna aliyelalamika. Chai ilikuwa tamu. Choo kilisogea, na Bibi akawa anafika bila kushika ukuta. Kuna jioni aliiba hatua mbili kwa mpigo ili kisogee zaidi kabla ya kulala, na mjukuu, kijana mwenye moyo wa kusaidia wazee, akamwongezea moja ya kwake.

Korido ilipoisha, ukuta ukaanza kuingia chumbani kwa Shangazi. Haukuwa na haraka. Ulisukuma kabati mpaka likagusana na kitanda, Shangazi akapanga upya. Halafu kitanda kikakosa pa kulala, kikatolewa nje, na mwenye kitanda akahamia kwenye kochi la sebuleni. Ikabaki nafasi ya cherehani, kiti na dirisha. Alisema inamtosha, kwa kuwa macho yake si ya zamani, na bila mwanga wa dirisha lile haoni tundu la sindano.

"Jamani, leo naomba tuhesabu," alisema, dadu likiwa bado mkononi mwa Bibi. "Dirisha likienda, na kazi yangu imekwenda."

"Lakini ni mchezo tu, dada," mpima akasema. "Hatuchezei kombe."

"Ukuta unajua kwamba ni mchezo?"

"Hilo kamuulize ukuta," Bibi akasema.

Hapo mjukuu, ambaye shuleni ni katibu wa chama cha mdahalo, aliomba nafasi akasimama. Alisema kanuni ni ahadi, na ahadi haina ndogo. Alisema anayeiba hatua kwenye ubao wa ludo amemwibia jirani yake, hata kama wote wawili wanacheka. Alizungumza vizuri mno, akapigiwa makofi. Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Ikakubaliwa kwa kauli moja kwamba wizi umekwisha, na zaidi ya hapo, kila mmoja atarudisha alichochukua kwa kwenda pungufu ya dadu.

Bibi akaanza. Akapata tano, akaenda nne. Kutoka kule chumbani ukasikika ukuta ukirudi nyuma taratibu, kama mtu anayevuta kiti, na wote wakapiga makofi. Kisha Shangazi akapata mbili, na mbili zile zikamfikisha pale pale Bibi aliposimama. Kete ya njano ikaliwa.

Bibi akaiokota kete yake. Zamu yake iliporudi, alichukua hatua mbili zisizo zake.

"Moja ni ile niliyotoa," alieleza. "Nyingine ni ya maumivu."

Mpima naye akachukua moja, ili mambo yawe sawasawa.

Mchezo ukafika ukingoni. Shangazi alihitaji moja tu kushinda, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ahamie nyumba ile, na ukuta ulihitaji hatua moja tu kulifikia dirisha. Dadu likatupwa, na kwa namna ambayo haijulikani, nyekundu ikashinda. Dirisha likaondoka. Halikuvunjika. Lilijikunja kama leso likaingia ukutani. Mpima alikwenda kutazama, akarudi amebeba cherehani, akakitua kwenye meza ya kulia. Mkewe akasogeza kopo la sukari.

Ukweli usemwe, sebule imechangamka. Shangazi hapitwi tena na chai wala na maongezi. Sindano anatungiwa uzi na mjukuu, mwenye macho mazuri na moyo mzuri zaidi.

Taarifa ilipaswa kuishia hapa. Lakini Shangazi, aliyekaa upande wa pili wa meza, amekuwa akiisoma miguu juu kichwa chini tangu mstari wa kwanza, na sasa amesimamisha cherehani.

"Kwa namna ambayo haijulikani," anasoma. "Haijulikani na nani?"

Mwandishi anaeleza kwamba taarifa nzuri ni fupi.

"Na huyu mrefu mwenye sura ya kuvutia anakaa wapi? Mbona mimi sijawahi kumwona humu ndani?"

Ni mimi. Nilipata tatu, nikaenda nne. Nilihitaji nne kufika nyumbani, zamu iliyofuata ilikuwa ya Shangazi, na nisingevumilia kushindwa mbele ya watu waliotoka kunipigia makofi. Hatua iliyochukua dirisha ni yangu.

"Nilikuona," anasema. "Nilikuwa naangalia kidole chako."

"Sasa mbona hukusema, shangazi?"

Anakata uzi kwa meno. Nyuma yetu Bibi ameshatandika ubao, anauliza tunakuja au akatafute watu wenye adabu.

"Nikisema, mtaacha kuniita kucheza."

Nilitaka kumwambia si kweli, tusingeacha. Lakini nimeshadanganya vya kutosha kwa likizo moja.