Ng'ombe Aliyetolewa Bahi

Habari ilimkuta Elieza stesheni ya Dodoma, taruma la chuma la reli likiwa begani: sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe, imeingia Bahi. Aliyeileta alisikia kwa mwenzake, na mwenzake aliisikia njiani, lakini Elieza hakutaka kujua hayo. Aliuliza tu ni Bahi ya wapi, ya mbugani au ya juu. Akajibiwa kuwa Bahi ni Bahi.

Mali yake yote duniani ilikuwa Bahi, nayo ilikuwa na miguu minne.

Tusimcheke mno. Wenzake waliojenga reli ya Mdachi walipolipwa rupia zao walinunua kanzu na kofia, na zilizobaki wakazinywa. Elieza alimsikiliza mama yake, Zipora, mjane wa kijiji cha Kikuyu, hapo Dodoma, akanunua mtamba mmoja kwa mfanyabiashara wa Kondoa. Kisha akafanya kama Wagogo wafanyavyo: hakumfuga nyumbani. Alimpeleka Bahi kwa Matonya, rafiki wa marehemu baba yake, amtunzie. Anayetunza hunywa maziwa, na ndama huwa wa mwenye ng'ombe. Wenye mifugo mingi huitawanya hivyo kwa watu wengi, ili ugonjwa ukipiga huku, wa kule wapone. Elieza alikuwa na mmoja tu, kwa hiyo hakuwa na cha kutawanya isipokuwa hofu.

"Usiende," mama yake alimwambia. "Ng'ombe uliyemweka kwa mtu humfuati mpaka uitwe. Ukitokea tu zizini kwake, umemwita mwizi mbele ya wake zake."

"Na akifa?"

"Akifa, Matonya ataileta ngozi hapa mlangoni, uione kwa macho yako. Ndivyo inavyofanywa."

"Mama, mimi sikununua ngozi. Nakwenda kumtazama tu, kisha narudi."

Na kweli aliamini anakwenda kutazama tu. Nauli ya gari moshi aliiona hasara, akaenda kwa miguu, na njia nzima alimwona yule mtamba amelala ubavu, mate yakimtoka. Kila alipokutana na mtu alimuuliza habari za Bahi, na kila mtu alimwongezea hofu kidogo.

Alifika ng'ombe wakirudi malishoni. Mtamba wake alikuwa katikati ya wenzake, amenawiri, na tumbo limeanza kuonyesha mimba.

"Mbukwa, mwanangu," Matonya alimsalimu, uso umemjaa wasiwasi. "Nani amefariki?"

"Hakuna msiba, baba. Nimesikia kuna sotoka."

"Ipo, ng'ambo ya mbuga. Wetu tuliwahamishia huku mapema."

Hapo mtu mwenye akili timamu angeshukuru, akala, akalala, akaenda zake. Elieza alikula, akalala, na asubuhi akasema, "Baba, naomba nimchukue."

Wake za Matonya wakaacha kukamua. Matonya hakugomba. Aliiteremsha kamba ukutani, akamfunga mtamba yeye mwenyewe, akamkabidhi kijana.

"Sema mbele ya hawa. Ni mzima?"

"Ni mzima."

"Ana mimba?"

"Anayo."

"Haya. Mwambie Zipora naye amrudishe yule mwekundu."

"Mwekundu yupi?"

"Yule mnayemkamua. Ni wangu. Nilimpeleka kwenu baba yako alipofariki, mkiwa wadogo. Kama leo hatuaminiani, kila mtu akae na chake."

Yule mwekundu alikuwa ndiye aliyemlea Elieza. Kumbe kila kibuyu cha maziwa alichokunywa kilitoka kwa mtu huyu ambaye yeye leo amemfanya mwizi. Aliona aibu kali, na kwa aibu hiyohiyo akaondoka upesi na kamba mkononi, badala ya kuirudisha ukutani.

Serikali ilikuwa imekataza kutoa ng'ombe Bahi, na atakayekamatwa naye, ng'ombe anapigwa risasi palepale. Elieza akaiacha barabara, akapita porini kwenye miiba. Mara moja alisikia askari wakizungumza upande wa reli, karibu kiasi cha kusikia wanachocheka. Alimkumbatia mtamba mdomo kwa mikono miwili asilie. Mnyama alitikisa kichwa, mwiba ukamchana Elieza shavu, naye hakuthubutu hata kujifuta damu. Wakapita. Akaivuta kamba, akaendelea.

Mama yake alipomwona anaingia uani na mtamba, alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Umemtoa."

"Mama, kwa nini hukuniambia kuhusu huyu mwekundu?"

"Nilitaka mkue mkidhani tuna ng'ombe," alisema Zipora. Halafu akalia, na Elieza hakuwahi kumwona akilia tangu mazishi ya baba yake. Dada yake mdogo, Hana, alikuwa amesimama na kibuyu akisubiri kukamua. Mtamba asingetoa maziwa mpaka azae, na hiyo bado sana.

"Nitawapeleka wote wawili," Elieza alisema. "Nitamwomba radhi."

Kuingiza ng'ombe Bahi hakukukatazwa. Hakuna aliyekuwa mjinga wa kufanya hivyo. Askari walimtazama akipita nao barabarani, wakatikisa vichwa.

Matonya alimpokea vizuri. Alimpa maji, akampa ugali wa uwele, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamfungua yule mwekundu, akamwingiza zizini, akafunga.

"Nimekusamehe, mwanangu. Nikifika Kikuyu nitalala kwenu."

"Na huyu wangu, baba?"

"Huyo mtafutie mtu mwingine."

"Na wadogo zangu, watakunywa nini?"

"Ningempa mama yako huyu mwekundu hata leo," alisema Matonya. "Lakini kesho utasikia neno jingine stesheni, utakuja tena. Wake zangu hawatasimama kutazama nikifanywa mwizi mara ya pili."

Elieza akatoka na mtamba wake. Hakuthubutu kurudi naye kwa askari, wala hakuwa na pa kumwacha. Akaenda kwenye tembe lililofuata, la mama mmoja mzee mwenye zizi kubwa, akamwamkia na kuomba amtunzie ng'ombe. Mama yule akamzunguka mtamba, akampapasa tumbo, akaridhika.

"Mzuri," alisema. "Alikuwa kwa nani?"

"Kwa Matonya."

Mkono wa mama ukasimama mgongoni mwa mtamba. "Matonya hajawahi kumrudisha ng'ombe wa mtu. Huyu ana nini?"

"Hana kitu, mama. Mimi ndiye niliyemtoa."

Mama akauondoa mkono wake, akamtazama Elieza badala ya ng'ombe.

"Pole, mwanangu," alisema, akaingia ndani, akavuta mlango.