Ubaridi wa Friji ya Soda

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alifukuzwa kazi kwa kosa lisilo lake, na hilo bado linanichoma.

Kiwandani kwetu tunatengeneza plastiki inayopitisha joto, ya kufanyia vitako vya taa. Humo huchanganywa unga mweupe wa bei mbaya, na huo unga ndio unaolibeba joto la taa na kulitoa nje. Kipande kizuri ukikigusisha shavuni unahisi baridi, kama kijiko cha chuma. Ndivyo tunavyopima, na wanunuzi nao wameiga.

Msimamizi akapunguza unga, akajazia chokaa. Taa zikarudi zimeyeyuka. "Mchanganyaji mzembe huyu!" akapayuka mbele ya kiwanda kizima, akamtimua wifi.

Siku mnunuzi alipokuja kukagua, msimamizi akaninong'oneza, "Mama, katoe vile vipande kwenye friji ya soda, uvilete na sinia."

"Kwenye friji? Kwani vinanywewa?"

"Lete, bwana! Akihisi baridi atajua tatizo tumeshaliondoa."

Tatizo! Ndiye wifi yangu huyo. Nikamwomba Mungu anishikie ulimi nisitukane, nikabeba sinia.

Mnunuzi akaweka kipande shavuni, akatabasamu. "Safi! Mmepata mchanganyaji mpya, eh?"

"Hicho kimetoka kwenye friji, baba," nikasema, nikatoa kingine mfukoni mwa aproni. "Shika hiki, kimetoka kwenye mashine asubuhi hii. Kachanganya msimamizi mwenyewe. Wifi yangu, yule mchanganyaji aliyefukuzwa, yuko nyumbani."

Akakigusisha shavuni. Tabasamu likamtoka. "Mbona kama kandambili?"

"Usimsikilize, mzee," msimamizi akadakia. "Huyu mama kachanganyikiwa tangu afiwe."

"Nimefiwa na mume. Macho ninayo."

Mnunuzi akavichukua vyote viwili, akaenda navyo moja kwa moja kwa mwenye kiwanda.

Leo mwenye kiwanda kamwita wifi arudi. Msimamizi kamvutia pembeni, karibu na choo, anamwambia kwa sauti ya chini, "Haya dada, shika kazi, yaliyopita tuyasahau."

Tuyasahau! Kutukana katukana hadharani, kuomba yaishe anaombea chooni!

"Usivae aproni," nikamwambia wifi. "Kwanza asimame pale pale aliposimama siku ile, aseme kwa sauti ile ile kwamba mzembe hakuwa wewe."

Tumekaa kwenye benchi. Mashine imezimwa, wenzetu wote wanatazama, naye anazungukazunguka anajifuta jasho. Sisi hatuna haraka.