Neno Moja Lililobaki

Mnoa visu alianguka mchana kweupe, mguu mmoja ukiwa bado kwenye pedali ya jiwe lake la kunolea. Wateja walidhani anatania, maana alikuwa mtu wa mizaha, mpaka walipoona mdomo umekwenda upande. Mkewe, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alifika hospitali mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Siku ya tatu mgonjwa alifumbua macho. Mkewe akamwinamia. "Mume wangu, unanisikia?"

"Kisu," akasema.

Upande wa kulia wote ulikuwa umepooza, na mtu aliyeweza kubishana na soko zima alikuwa amebakiwa na neno hilo tu. Akitaka maji, kisu. Akitaka kugeuzwa ubavu, kisu. Muuguzi akimdunga sindano, "Kisu!" kwa ukali kama tusi. Daktari alieleza kuwa damu imevuja kichwani, ikaharibu mahali pa maneno. Anachotaka kusema anakijua. Njia ya kukitoa ndiyo imeziba.

Mke aling'ang'ania neno lile kama mtu aliyetumbukia kisimani akapata kamba. Kwanza alimletea kisu chenyewe, kile cha mpini wa pembe alichokipenda, amekiviringisha kwenye kitambaa.

"Mama! Kisu wodini?" muuguzi akaruka. "Unataka kutuchinja?"

Mume alikitazama tu, kisha akafumba macho. Chozi likateremka hadi sikioni.

Basi anataka nini? Mdogo wa mume, aliyekuwa akija kila siku, ndiye aliyekumbuka. "Si wewe huyo, shemeji? Ujanani hakukuita kwa jina. 'Mdogo wangu, nimepata kisu!' Mtaa mzima ulijua mrembo wake ni nani."

Mke alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie mle. Akasogea kitandani. "Ni mimi unayeniita?"

"Kisu," mume akasema taratibu, na mkono wa kushoto ukatafuta wake. Lakini ulipoletwa uji, aliuambia uji neno lilelile, kwa sauti ileile ya mapenzi.

Siku ya sita asubuhi daktari alikuja na karatasi. Uvimbe ulikuwa unakandamiza ubongo. Ilibidi fuvu lifunguliwe mchana uleule. "Bila hivyo hafiki kesho kutwa. Na hata kwa kisu, mama, siwezi kuahidi."

Mgonjwa alisikia. "Kisu! Kisu! Kisu!" akaanza, akipiga ukingo wa kitanda.

"Amekataa," shemeji akasema. "Umemsikia mwenyewe. Kaka anaogopa kisu cha hospitali kuliko kifo. Ulipozaa kwa kisu, nani alizirai pale kwenye benchi?"

"Aliogopa kwa ajili yangu. Sasa anasema wakilete."

"Umejuaje?"

Hakujua. Alimshika mume mkono. "Finya kama unataka." Akafinya. "Finya kama hutaki." Akafinya vilevile, kwa nguvu zilezile, macho yamemtoka.

"Nionyeshe basi, baba wee! Tikisa hata kichwa!"

Akatikisa. Juu na chini, kisha kushoto na kulia.

"Ukisaini akafa," shemeji akasema kwa sauti ya chini, "usitie mguu kwetu. Hata mazishini usije."

"Na nisiposaini akafa?"

Shemeji alitazama dirishani. "Itakuwa mipango ya Mungu."

"Kumbe nikikaa kimya ni Mungu, nikishika kalamu ni mimi! Wewe umeshika mpini, shemeji, makali umeniachia mimi."

Akasaini. Akamrudishia daktari karatasi. Kitanda kiliposukumwa, mume aliita neno lake korido nzima, mpaka milango ikafungwa. Mke alibaki ameegemea ukuta, akijaribu kuipima ile sauti. Ombi? Laana? Au alikuwa anaaga?

Mume hakufa. Aliamka siku ya pili, upande wa kulia ukiwa vilevile, na tangu hapo hajatamka kitu. Hata lile neno moja liliondoka.

Siku hizi hukaa kwenye kiti karibu na cherehani. Shemeji huja kila Jumapili kumnyoa ndevu, akamsalimia kaka yake, akaondoka bila kumwangalia mke wa kaka. Mke amejifunza kutambua njaa kwa nyusi na maumivu kwa pumzi. Kuna jambo moja tu ambalo hajalijua, na jioni akishamwogesha humwuliza ana kwa ana.

"Nilikukosea?"

Siku nyingine mume hugeuza uso ukutani. Siku nyingine huegemeza paji lake begani kwake, akakaa hivyo muda mrefu. Mke humfunga vifungo vya shati kimoja kimoja, asijue ashike jibu lipi, kisha hurudi kwenye cherehani, maana kuna sare za shule zinazotakiwa asubuhi.